Kutopendelea katika utunzaji wa nyaraka za umma

Kutopendelea kwa mtunza nyaraka ni wajibu wa kupokea, kuchambua, kuhifadhi na kutoa nyaraka za umma bila kujali zinamsifu nani au zinamuumbua nani. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Nyaraka, zilizopitishwa Beijing mwaka 1996, zinamtaka akatae shinikizo la kuchezea ushahidi, litoke kwa yeyote.

Mwingereza Hilary Jenkinson alishikilia, katika kitabu chake cha mwaka 1922, kwamba mtunzaji asichague chochote: kazi yake ni kulinda alichokabidhiwa. Msimamo huo hautekelezeki tena, maana ofisi za leo huzalisha karatasi nyingi mno na sehemu kubwa lazima iteketezwe. Hapo ndipo upendeleo hujipenyeza, kwa sababu jalada likishachomwa halina wa kulidai. Kwa hiyo uteketezaji halali hufuata ratiba iliyoidhinishwa, na hubaki hati inayoeleza kilichoharibiwa, lini na kwa idhini ya nani.

Kilichotokea Kenya kinaonyesha hali ilivyo wajibu huo usipokuwapo. Mwaka 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliagiza kwamba serikali mpya za makoloni yanayopata uhuru zisirithi nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali yake, polisi, askari au wapashaji habari wake. Majalada yakatengwa mafungu mawili, ya kuachwa na ya kufichwa. Haya ya pili yalishikwa na maofisa wa Kiingereza wenye asili ya Ulaya tu. Waliochambua walikuwa watu wa utawala na usalama, yaani walewale waliotajwa humo. Mengine yalichomwa, mengine yakasafirishwa Uingereza. Nyaraka za Taifa za Kenya, zilizoundwa kwa sheria mwaka 1965, zilirithi rafu zilizokwisha kupunguzwa.

Kenya iliyaomba majalada hayo mwaka 1967 ikanyimwa. Mwaka 2011, wazee wa Kenya waliodai fidia kwa mateso ya wakoloni wakati wa vita vya Mau Mau wakiwa mahakamani London, Uingereza ilikiri kuyaweka Hanslope Park, kituo cha serikali yake, pamoja na ya makoloni mengine, jumla takriban 8,800 kutoka makoloni 37. Mwaka 2013 ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya Wakenya 5,228.

Sasa majalada hayo yamo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, katika mfululizo uitwao FCO 141. Msomaji kutoka Nyeri hupewa jalada lilelile apewalo msomaji wa Oxford, ila nauli ni juu yake.