Ngazi Nyembamba na Anayeipanda

Juzi fundi alikuja kupima mahali pa kuweka ngazi ya kukunja ya kwendea darini. Nafasi ni finyu, akasema ngazi itasimama karibu wima. Nikakumbuka nyumba za mawe za Lamu.

Nyumba zile za karne ya 18 zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haifiki mbali, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini upana wake haukuzidi sana mita 3. Ngazi nazo zilibanwa pembeni, nyembamba na kali. Jiko mara nyingi liliwekwa juu kabisa, chini ya makuti, ili moshi na joto visiwasumbue waliomo vyumbani.

Ilikuwa busara. Lakini kisima kilikuwa chini. Katika nyumba za matajiri, aliyepanda na maji na kuni alikuwa mjakazi, si bibi wa nyumba. Utumwa ulikomeshwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini ngazi zilibaki zile zile.

Basi kabla fundi hajakata dari, tujiulize: nani atapanda, na atakuwa amebeba nini? Kwangu ni dada anayenisaidia kazi. Nimekubali kabati langu liondolewe, ngazi ilale zaidi, na pawekwe chuma cha kushikia. Kumhurumia anayetuhudumia nako ni ibada.