Kutoka Kiwanja cha Mgodi hadi Anga ya Kuigwa: Shinyanga na Geita

Historia ya usafiri wa anga Shinyanga haitenganiki na migodi. Baada ya John Williamson kugundua almasi Mwadui mwaka 1940, mgodi ulipata kiwanja chake cha ndege. Mgodi wa dhahabu wa Geita nao una chake. Tangu mwaka 2001, mtandao wa VATSIM umewaunganisha marubani na waongozaji ndege wa kujitolea katika anga ya kuigwa. Anayeanza hujisajili, huwasilisha mpango wa safari, na husikiliza kabla ya kusema. Pasipo mwongozaji, hutangaza mahali alipo kwenye masafa ya 122.8, kwa nidhamu ileile ya viwanja visivyo na mnara. Hata hivyo, uigaji huhifadhi njia ya kurukia, si jasho la wachimbaji lililosababisha ijengwe.