Shabaha ya Protoni na Mawe ya Nyanda za Juu Kusini

Katika miaka ya 1950 wapimaji wa madini walichimba mashimo katika kilima cha Panda, kilomita zipatazo 25 magharibi ya mji wa Mbeya, mahali lilipo gereza la Songwe. Walitafuta niobi, iliyotakiwa wakati huo kwa kuimarisha metali za injini za ndege. Hakuna aliyewaza kuwa metali hiyo ingehitajiwa na wataalamu wa kiini cha atomi.

Wataalamu hao walikuwa na shida yao. Protoni ni sumaku dhaifu mno: katika baridi ya kelvini 1 na nguvu ya tesla 2, zile zinazofuata upande wa sumaku huwazidi wenzao kwa 2 tu katika 1,000. Elektroni, katika hali iyo hiyo, hufikia ziada ya 87 katika 100. Mwaka 1953 Albert Overhauser alionyesha kwamba mwelekeo wa elektroni waweza kuhamishiwa viini. Mwaka 1962 kundi la Anatole Abragam huko Saclay, Ufaransa, likaitumia shabaha ya namna hiyo. Mwaka uliofuata wakafuata Owen Chamberlain na Carson Jeffries huko Berkeley, Marekani. Fuwele yao ilikuwa chumvi ya lanthani na magnesi, iliyotiwa neodimi kidogo. Nayo ilikuwa na kasoro: haidrojeni ilikuwa takriban 3 tu katika 100 ya uzito wake, tena mnururisho uliiharibu upesi. Ndipo butanoli na amonia zikashika nafasi yake.

Mwale wa fotoni ni mpole kuliko mwale wa elektroni. Hauipashi joto shabaha kwa kiasi cha kuidhuru. Kwa sababu hiyo butanoli iliweza kugandishwa chini ya sehemu ya kumi ya kelvini, ikahifadhi mwelekeo wake kwa muda mrefu. Huko Mainz, Ujerumani, mwaka 1998, fotoni zilizoelekezwa zilipelekwa juu ya shabaha iliyoelekezwa ili kuipima kanuni ya mwaka 1966 ya Gerasimov, Drell na Hearn.

Baridi hiyo yaanza na heli ya maji. Sumaku zenye nguvu hutengenezwa kwa nyaya za niobi, baada ya ugunduzi wa 1961 kwamba baadhi ya mchanganyiko wake hupitisha umeme bila ukinzani hata katikati ya sumaku kali. Sasa na itazamwe ramani: niobi iko Panda; lanthani na neodimi ziko Ngualla, katika mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016; na heli ilitangazwa mwaka huo huo katika bonde la Rukwa. Hakuna hata moja iliyotoka huko kwenda Saclay wala Berkeley.

Liko bado jambo la maneno. Iringa, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichoanzishwa mwaka 2005, walimu wa fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, ingawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. “Shabaha” yafaa vema, maana mpiga bunduki aijua tangu zamani; lakini “iliyoelekezwa” yaweza kudhaniwa kuwa shabaha yenyewe imegeuzwa upande, kumbe kilichogeuzwa ni protoni zilizomo ndani yake.