Tuzo ya Jomo Kenyatta na Diwani ya Mfungwa

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kukutana na maneno 'mshindi wa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta' kwenye jalada la kitabu. Je, umewahi kujiuliza tuzo hii ilianza kwa kuwatunuku akina nani?

Miongoni mwa washindi wake wa mwanzo, mwaka wa 1974, ni Meja Mwangi kwa riwaya yake ya Kiingereza, Kill Me Quick, na Abdilatif Abdalla kwa diwani ya Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa mwaka wa 1973. Yaani, tangu mapema Kiswahili kilikaa bega kwa bega na Kiingereza katika tuzo hii. Hata hivyo, ushindi wa Abdilatif una uzito wa pekee.

Mwaka wa 1968, Abdilatif, kijana wa Mombasa aliyeunga mkono chama cha upinzani cha KPU, aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? akiikosoa serikali ya Kenyatta. Alishtakiwa kwa uchochezi, na mnamo Machi 1969, akiwa na umri wa miaka 22, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Tungo za diwani hiyo alizitunga gerezani na kuziandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Baada ya kuachiliwa mwaka wa 1972 alihamia Tanzania. Miaka miwili baadaye, kazi hiyo ikapata tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga. Ikumbukwe kuwa Kenyatta mwenyewe alifungwa na wakoloni mwaka wa 1953.

Historia hii inatufunza nini? Kwanza, tuzo hubeba jina la mtu, lakini si lazima kazi inayotuzwa imsifu mtu huyo. Pili, muktadha huangaza maana. Anayejua tungo zilikotungwa ataelewa upesi ni dhiki ya nani inayosemwa.

Hata hivyo, mtahiniwa, tahadhari! Usiandike kwamba diwani ni bora kwa sababu ilituzwa. Mtahini anataka ushahidi kutoka matini: taswira, uteuzi wa msamiati wa Kimvita, vina na mizani, na jinsi vyote vinavyobeba maudhui. Waamuzi wa 1974 walitoa uamuzi wao. Wewe unatakiwa kutoa wako, na kuutetea.