Namba haziongopi, ila kalenda yangu iliongopa

Nimekuwa kimya, najua. Wapo walioniuliza kama nimehama gazeti au nimeoa. Hakuna lolote kati ya hayo. Nilikuwa nachimba historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakitumia kila siku bila kukiuliza kimetoka wapi, na sababu ya kuchimba ni kosa langu mwenyewe. Ngoja niwape kisa kwanza.

Aprili 2025 nilimpelekea mhariri wangu ripoti. Sikuiandika kwa mkono, iliandikwa na skripti niliyoitengeneza na kuionea fahari sana. Kila Jumatatu asubuhi kalenda yangu ya mtandaoni inaiamsha, nayo inaingia Search Console, inachota maneno ambayo watu waliyaandika Google wakafika kwenye tovuti yetu, inalinganisha na wiki zile zile za mwaka uliotangulia, kisha inatuma barua pepe. Mimi nakunywa chai tu. Wiki hiyo ripoti ilisema safu ya mapishi imeporomoka, zaidi ya nusu ya wasomaji wanaotoka Google hawaonekani. Safu hiyo inaandikwa na dada mmoja anayelipwa kwa kila makala. Mhariri akaniuliza kama tuifute. Nikamjibu, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza kuandika skripti juzi, kwamba namba haziongopi.

Yule dada akanipigia simu. Hakugomba. Aliuliza swali moja: "Mdogo wangu, mwaka jana siku hizo si tulikuwa tumefunga?"

Nilikaa kimya. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza tarehe 11 au 12 Machi, kutegemea ulipo na mwezi uliouona, na Idi ikaangukia Aprili 10 au karibu na hapo. Mwaka 2025 ilianza tarehe 1 au 2 Machi, na kufika siku ya mwisho ya Machi Idi ilikuwa imeshaliwa. Kwa hiyo skripti yangu ililinganisha watu wanaotafuta namna ya kupika kaimati na tambi za futari na watu ambao wameshamaliza kula Idi na sasa wanatafuta ratiba ya ligi. Nilimwandikia mhariri upya, safu ikabaki. Lakini dada wa watu alikuwa amekaa wiki tatu bila kuagizwa makala, na wiki tatu kwa anayelipwa kwa makala ni kodi ya chumba.

Ndipo nikaanza kujiuliza: kalenda hii inayoamsha mitambo, nani aliifundisha tarehe, na kwa nini haikufundishwa mwezi?

Mwanzo wake haukuwa kalenda hata kidogo, ulikuwa saa ya kengele. Katika Unix ya Bell Labs, toleo la 7 lililotoka mwaka 1979, kulikuwa na programu ndogo iitwayo cron. Unaiandikia dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya wiki, nayo inafanya ulichoagiza. Seva nyingi duniani bado zinaitumia, na kila unaposikia kitu "kinajiendesha chenyewe usiku", mara nyingi ni cron au mtoto wake. Cron haijui kwa nini Jumatatu ni muhimu. Inajua tu kwamba ni Jumatatu.

Miaka ya tisini kampuni zikaanza kutaka kalenda za watu tofauti zizungumze. Apple, AT&T, IBM na Siemens walikuwa na umoja wao ulioitwa Versit, na mwaka 1996 ukatoka mfumo wa vCalendar. Novemba 1998 ukafuata mwingine ulio bora zaidi, iCalendar, katika waraka wa RFC 2445 wa Frank Dawson na Derik Stenerson. Lile faili la .ics unalotumiwa ukialikwa kikao ndilo hilo. Waandishi hao waliandika kanuni za tukio linalojirudia: kila Ijumaa, kila Jumanne ya pili ya mwezi, kila mwaka tarehe fulani. Tena waliacha nafasi ya kutaja unatumia kalenda ya aina gani. Mtu unasoma unafurahi, kumbe thamani iliyofafanuliwa ni moja tu: GREGORIAN. Mlango umewekwa, ufunguo haupo.

Ufunguo ulikuja Mei 2015, zaidi ya miaka 16 baadaye, katika RFC 7529 ya Cyrus Daboo na mwenzake Yakushev. Humo iliwezekana kuandika tukio linalofuata mwaka wa Kichina, wa Kiebrania au wa Kihabeshi. Ni hatua kubwa, lakini kwetu haimalizi tatizo, kwa sababu hiyo ni kalenda ya hesabu. Ramadhani ya Dar, Mombasa na Unguja haingoji hesabu, inangoja macho. Usiku wa tarehe 29 Shaabani watu wanatazama angani na wengine wanakesha redioni kusikia Mufti atasema nini, na Kenya wanamsikiliza Kadhi Mkuu. Hakuna RFC itakayokuambia leo jioni mawingu yatakaa upande gani.

Kinachonichekesha ni kwamba pwani yetu tatizo hili lilishajulikana. Waswahili walitumia kalenda mbili kwa pamoja. Ya mwezi ilikuwa ya ibada, nayo huhesabiwa kutoka kwenye Idi: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka ufike Mfunguo Sita wa Maulidi na kuendelea. Ya jua, yaani Nairuzi, ilikuwa ya kilimo na ya bahari. Mwaka wake ni siku 365, unakatwa kwa makumi yaitwayo miongo, na mpaka leo Makunduchi wanaufungua kwa Mwaka Kogwa. Nahodha hakupanga safari ya kusi kwa Ramadhani, wala shehe hakufungua futari kwa upepo. Kila jambo lilikuwa na kalenda yake. Mimi, mjukuu wao mwenye kompyuta, nikayapima yote kwa moja.

Haya, upande wa pili wa kisa: hizi takwimu za utafutaji.

Zamani mwenye tovuti alisoma kumbukumbu za seva yake, na neno alilotafuta msomaji lilikuwa limekaa waziwazi ndani ya anwani aliyotokea. Mwaka 2005 Google ilinunua kampuni ya Urchin ya San Diego, na Novemba mwaka huo ikafungua Google Analytics bure. Watu walijaa mpaka ikabidi wafunge usajili kwa muda. Mwaka huo huo wa 2005 kilianza chombo kingine, Google Sitemaps, kilichokuja kuitwa Webmaster Tools mwaka 2006 na Search Console mwaka 2015. Halafu Oktoba 2011 Google wakaanza kuficha maneno ya watafutaji walioingia kwenye akaunti zao, na miaka miwili baadaye karibu yote yakafichwa. Kuanzia hapo, ukitaka kujua watu walitafuta nini kwa Google mpaka wakakufikia, dirisha kuu lililobaki ni lao wenyewe.

Na dirisha hilo lina kumbukumbu fupi. Lilikuwa la siku 90 tu, hata Ramadhani moja hadi nyingine huwezi kuiona. Toleo jipya la mwaka 2018 ndilo lililoongeza kumbukumbu kuwa miezi 16. Fikiria sasa: mwaka wa mwezi una siku kama 354, kwa hiyo unaweza kulinganisha Ramadhani hii na iliyopita, ya juzi yake imeshafutwa.

Kuna jingine lililonikera zaidi. Siku ya Search Console katika ripoti ya kila siku si siku yetu, ni siku ya California. Kwa saa za Afrika Mashariki siku hiyo inaanza saa 4 asubuhi wakati wao wako kwenye saa za kiangazi, na saa 5 asubuhi wakiwa kwenye saa za kawaida. Mama anayetafuta upishi saa 3 asubuhi anahesabiwa jana. Kumbe hata nilipokuwa na tarehe sahihi, siku haikuwa sahihi.

Kuhusu kuunganisha vyombo viwili, watu walijaribu mapema. Desemba 2009 Google Analytics iliruhusu kubandika maelezo mafupi juu ya grafu, mfano "hapa tulichapisha matokeo ya mtihani". Ilikuwa kalenda ndogo ndani ya takwimu, nami naiona ni hatua bora kuliko nyingi zilizosifiwa. Toleo la zamani liliposimama Julai 2023 maelezo hayo hayakuhamia toleo jipya, na huduma hiyo ilirudi 2025. Kwa upande wa kuunganisha, Yahoo walikuwa na Pipes, iliyoanza Februari 2007 na kufungwa Septemba 2015. Mwaka 2009 ikaja Apps Script, ambayo ndiyo ninayoitumia, na 2011 IFTTT: kikitokea hiki, fanya kile. Zote zinajua kubeba mzigo kutoka hapa kwenda pale. Hakuna inayouliza mzigo ni wa nini.

Nilichobadilisha mimi ni kidogo. Tukio la Ramadhani naliingiza kwenye kalenda kwa mkono, baada ya tangazo na si kabla. Skripti inatafuta tukio hilo mwaka huu na mwaka uliopita, kisha inahesabu siku kutoka hapo: siku ya 3 ya mfungo kwa siku ya 3 ya mfungo. Ligi na mitihani zinabaki kwenye tarehe za kawaida. Saa naigeuza, japo ya California siwezi kuiondoa kabisa. Na kila Jumatatu inanakili namba zote kwenye jedwali langu, zisiishie kwenye miezi 16 ya watu. Yule dada ana ruhusa ya kuandika kwenye kalenda hiyo, na ameshaongeza mambo ambayo nisingeyakumbuka: Maulidi, msimu wa maembe, wiki ambayo mitungi ya gesi iliadimika mtaani kwao.

Kama kuna mwenye tovuti ya mapishi aliyehifadhi namba zake za Ramadhani ya 2023, naomba anitafute. Zangu zilishafutika kabla sijajua kwamba zinafutika.