Ukusanyaji wa VCD za zamani

Ukusanyaji wa VCD ni kutafuta na kuhifadhi sidii za filamu za mfumo uliotolewa mwaka 1993 na Philips, Sony, Matsushita na JVC. Sidii moja hubeba takriban dakika 74, ndiyo maana filamu ndefu ziligawanywa. Mwanza, kama kwingineko Tanzania, VCD zilirithi nafasi ya kanda za VHS majumbani na kwenye vibanda umiza (kumbi ndogo za kuonyeshea video), hadi flashi na simu zilipozitoa sokoni.

Za Hollywood zimejaa tele. Za kuwindwa ni filamu za Bongo za miaka ya 2000, na za kigeni zilizotiwa Kiswahili na Derek Mukandala, maarufu Lufufu. Kwa upande wa DVD, yenye uzito kwa Mwanza ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper (2004), kuhusu sangara na ndege za mizigo jijini humo.

Mnunuzi aigeuze sidii kwenye mwanga. Yenye mgongo wa fedha kwa kawaida ni ya kiwandani. Ya kijani au buluu imechomwa kwa kompyuta, na rangi hiyo huharibiwa na jua na joto. Mikwaruzo midogo huvumilika, lakini tabaka la juu likibanduka haitibiki. Mwenye deki nzima anakili mapema.