CCR5 si mlango wa VVU tu: ushahidi wa virusi vya West Nile

Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile nchini Uganda, damu ya mwanamke mwenye homa ilikutwa na virusi visivyojulikana, vikapewa jina la wilaya hiyo. Mwaka 1999 vilizuka New York, na kufikia 2002 vilikuwa Minnesota, ambako mbu aina ya Culex tarsalis ndiye msambazaji mkuu. Minneapolis na Saint Paul ni miji ya maziwa na vinamasi. Jioni ya Julai, ukikaa ufukweni na mikono wazi, dakika tano zinatosha kukujulisha mwenyeji ni nani. Virusi vya Uganda vikakutana hapo na wajukuu wa wahamiaji kutoka Sweden na Norway, na asili yao ina uzito katika hoja hii.

Takriban watu 8 kati ya 10 wanaoambukizwa West Nile hawaoni dalili yoyote. Chini ya 1 kati ya 100 hushambuliwa ubongo au uti wa mgongo. Kwa nini huyu na si yule? Umri mkubwa ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine iko juu ya utando wa seli za kinga, kwenye kipokezi kiitwacho CCR5.

Msomaji wa Afrika Mashariki, kama amewahi kulisikia jina hilo, amelisikia katika habari za UKIMWI, kwa kuwa VVU hukishika kipokezi hicho ili viingie ndani ya seli. Mtu 1 hivi kati ya 100 wenye asili ya Ulaya amerithi kwa wazazi wote wawili jeni yenye pengo, na seli zake hazina CCR5 kabisa. VVU vya kawaida hushindwa kumwambukiza. Pengo hilo limeenea zaidi kaskazini mwa Ulaya kuliko kusini. Kwa Waafrika ni nadra mno. Kwa kuwa watu hao huonekana wazima, ikazoeleka kusema kwamba kipokezi hiki ni cha ziada. Nadhani neno “mlango” ndilo lililotupoteza. Tulimtazama mwizi anayeutumia, tukasahau kuuliza mwenye nyumba aliuweka wa nini.

Kwa seli ya kinga, CCR5 ni sikio. Ndani ya ubongo huishi seli za ulinzi ziitwazo mikroglia. Mwaka 2001 mtafiti James Lokensgard na wenzake mjini Minneapolis waliziambukiza mikroglia za binadamu virusi vya herpes simpleksi. Virusi havikufanikiwa kuzaliana humo, lakini seli zilimwaga kwa wingi kemokini, yaani kemikali za kuziita seli za kinga, mojawapo ikiwa CCL5. Huo ndio mwito unaosikiwa na CCR5. Seli ya kinga aina ya T inayopita kwenye damu ikiunasa, hupunguza mwendo, hung'ang'ania ukuta wa mshipa, kisha hujipenyeza kuelekea mwito unakotoka.

Asiye na sikio je? Mwaka 2005 watafiti William Glass, Philip Murphy na wenzao waliripoti kwamba panya wasio na CCR5, walipoambukizwa West Nile, walikufa wote, tena upesi. Mwaka uliofuata walichunguza wagonjwa wa West Nile huko Arizona na Colorado, wakakuta wasio na kipokezi hicho ni wengi kuliko ilivyotarajiwa. Uchunguzi wa wachangia damu, uliotolewa 2010, ndio ninaouthamini zaidi: kukosa CCR5 hakukuongeza uwezekano wa kuambukizwa, bali uwezekano wa kuugua. Yaani kipokezi hakimzuii adui asiingie mwilini. Kazi yake huanza adui akishaingia.

Mpinzani atasema seli za kinga zikijazana ubongoni huleta uvimbe unaoua. Ni kweli, na sidai kwamba kila kipokezi ni rafiki. Panya wasio na kipokezi kingine, TLR2, walistahimili herpes ya ubongo kuliko wenzao wazima, kwa sababu uvimbe ulipungua. Kila kipokezi kipimwe mbele ya kila kirusi. Ndiyo maana tangazo la mwanasayansi He Jiankui la Novemba 2018, kwamba amehariri jeni ya CCR5 ya watoto pacha tangu wakiwa viinitete, lilikuwa kosa la kisayansi kabla hata hatujagusa maadili: alihesabu kirusi kimoja tu, VVU.

Mkenya au Mtanzania anayeishi Minneapolis karibu kwa hakika anacho kipokezi hiki. Umri na kinga dhaifu vinamhusu zaidi. Jirani yake mwenye babu wa Norway huenda hana, na hana dalili ya kumwambia. Wote wawili wamebakiwa na nguo za mikono mirefu, dawa ya kufukuza mbu, na kumwaga maji yaliyotuama kwenye matairi nyuma ya nyumba. Chanjo ya West Nile ipo, lakini ni ya farasi.